Padre White na Swali la Mbayuwayu

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Septemba, mbayuwayu huonekana kwa wingi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Ni wale wenye mgongo mweusi ung'aao kwa rangi ya buluu, na koo yenye rangi ya kutu, na mkia uliogawanyika panda. Huruka chinichini juu ya mashamba na mbuga wakikamata wadudu, na jioni hujipanga juu ya nyaya za simu kama shanga katika uzi. Hukaa nasi hata mwezi wa Aprili, kisha siku moja twatazama juu, wala hawapo. Hawakujenga kiota hapa, wala hawakutaga yai. Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za mtu mmoja wa Uingereza, aliyewatazama ndege wa aina hiyo hiyo katika upande wa pili wa safari yao, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Alitaka sana kujua walikokwenda walipotoweka kwake, akafa asijue kwa yakini. Jibu lilikuwa katika bara letu.

Mtu huyo aliitwa Gilbert White. Alizaliwa mwaka wa 1720 katika kijiji cha Selborne, mkoa wa Hampshire, kusini mwa Uingereza, yapata maili 50 kutoka mji wa London. Babu yake alikuwa kasisi wa kijiji hicho. Kijana alipelekwa chuoni Oxford, akasoma, akapata daraja ya ukasisi yeye naye, kisha akarudi Selborne na kukaa katika nyumba iitwayo The Wakes hata alipokufa mwaka wa 1793. Hakuoa. Wala hakuwa mtu wa safari, kwa kuwa kila alipopanda gari la farasi alichafukwa na roho. Kwa hiyo kila alichokijua kwa macho yake mwenyewe, aghalabu alikijua kwa miguu, akitembea katika njia zile zile mwaka baada ya mwaka.

Nyuma ya kijiji umesimama mlima wa mawe meupe ya chaki, wenye kwenda juu futi 300, na ubavu wake umefunikwa na msitu wa miti mirefu yenye gome laini la rangi ya majivu. Wenyeji huuita msitu huo Hanger. Mteremko wake ni mkali, na mvua ikinyesha huteleza sana. Basi mwaka wa 1753 Padre White na ndugu yake John walichimba njia ya kuupanda, ipindayo huku na huku kama nyoka, ili mtu apate kufika juu bila kukatika pumzi. Njia hiyo ipo hata leo, na wageni wengi huipanda.

Sasa yatupasa kueleza neno moja juu ya majira ya huko, maana sisi tumezoea masika na kiangazi, vuli na kipupwe, na pengine hatuwezi kufahamu upesi jinsi msitu wa Ulaya unavyokufa na kufufuka. Katika majira ya baridi miti mingi huwa haina jani hata moja. Jua huonekana saa chache tu kwa siku, tena lipo chini, halina nguvu. Nzi hayupo, mbu hayupo, kipepeo hayupo. Ndege alaye wadudu wa hewani akikaa huko atakufa njaa. Kisha katika mwezi wa Machi na wa Aprili mchana huanza kurefuka, udongo hupata moto kidogo, na vichomozo hutoka matawini. Hayo ndiyo majira ya kuchipua.

Wa kwanza kutokea ni wadudu. Siku ya jua mwezi wa Machi hutokea kipepeo mmoja wa rangi ya manjano kama limau lililoiva. Huyu hakuzaliwa siku hiyo. Alilala muda wote wa baridi katika majani yasiyopukutika, mabawa yake yamefungwa, mfano wa jani. Hutokea pia nyuki mkubwa mwenye manyoya kama paka, akivuma chini karibu na nchi. Naye alikuwa amelala shimoni peke yake tangu mwaka uliopita, na sasa atafuta tundu la kuanzisha jamaa mpya. Msomaji na awakumbuke wawili hawa, kwa kuwa tutawahitaji baadaye. Kisha majani ya miti hufunguka, laini na matamu, na viwavi wasiohesabika huyala, wengine wakining'inia kwa uzi mwembamba kutoka matawini. Na nyuma ya viwavi huja ndege. Yote hufuatana hivyo: jua, jani, kiwavi, ndege. Yule asafiriye maelfu ya maili hana budi kufika kwa wakati wake, maana kiwavi hamngoji.

Padre White aliyaona hayo kila mwaka, lakini jambo lililomtenga na wengine ni kuwa aliyaandika. Mwaka wa 1768 alianza kujaza daftari ya karatasi zilizopigwa chapa mistari na nafasi maalum: upepo umetoka wapi, mvua kiasi gani, mti gani umetoa majani leo, ua gani limefunguka, ndege gani na mdudu gani ameonekana kwa mara ya kwanza mwaka huu. Karatasi hizo alipelekewa na rafiki yake Daines Barrington, mtu wa sheria. Alizijaza kwa miaka 25, na mkono wake uliacha kuandika siku chache tu kabla ya kufa. Barua alizomwandikia Barrington, na nyingine alizomwandikia mtaalamu wa wanyama aliyeitwa Thomas Pennant, zilikusanywa zikawa kitabu kilichotolewa mwaka wa 1789 na ndugu yake mwingine, Benjamin, aliyekuwa mwuza vitabu London. Kitabu hicho kimechapwa tena na tena hata siku zetu hizi.

Tutaje mifano ya mambo aliyoyaona katika matembezi hayo. Msituni mle walikuwamo ndege wadogo wa rangi ya kijani-manjano, ambao watu waliwachanganya na kuwaita kwa jina moja. Padre White akasikiliza. Akagundua kwamba wapo wanaotoa sauti mbili tu, wakizirudia kama mtu apigaye vinyundo viwili. Hao hufika mapema mwezi wa Machi. Wapo wengine wenye wimbo mtamu ushukao taratibu kama maji ya kijito. Na wapo wa tatu, wakubwa kidogo na wa manjano zaidi, wakaao juu kabisa katika vilele vya miti mirefu, ambao hutoa sauti ya kuchirika kama panzi huku mabawa yao yakitetemeka. Mwaka wa 1768 aliandika kwamba sasa hana shaka, ni aina tatu. Kweli, katika siku zile hapakuwa na darubini ya kufaa kwa kutazamia ndege, na mtu aliyetaka kuwa na hakika aliwapiga ndege bunduki na kuwalaza mezani. White naye alikuwa nao watatu mbele yake alipoandika. Lakini sikio ndilo lililotangulia kuwatenga, na meza ikathibitisha.

Yule wa pili, mwenye wimbo ushukao, twaweza kumwona huku kwetu pia. Uzito wake wapata gramu 9 tu. Kuanzia Septemba hata Aprili huwamo katika migunga yetu, akichakura majani kutafuta wadudu, kimya au akilia kidogo tu, wala watu hawamwangalii.

Mfano wa pili ni chenene. Katika malisho yenye mteremko karibu na kijiji walikaa chenene weusi, waliochimba mashimo yao nyasini na kulia mlangoni usiku na mchana tangu katikati ya Mei hata katikati ya Julai. Padre White alitaka kuwajua, akajaribu kuwachimbua kwa jembe. Lakini jembe liliwaponda au liliharibu shimo kabla hajaona lolote. Basi akachukua ubua wa jani mwembamba, unaopindika, akauingiza polepole shimoni kwa kufuata mapindo yake hata mwisho, na chenene akatoka mwenyewe bila kuumizwa. Akatambua kuwa madume tu ndiyo yaliayo. Watoto wetu wengi wanajua hila ya namna hii, nasi twafikiri wangalifanya urafiki upesi na padre huyu. Chenene hao walipungua sana Uingereza baadaye, kwa kuwa malisho yao mengi yalilimwa au yaliota vichaka. Katika miaka ya 1980 walikuwa karibu kutoweka kabisa, kisha watu wakaanza kuwalea na kuwarudisha katika mahali walipokuwa zamani.

Mfano wa tatu twataka kukaa nao kidogo, kwa sababu ndani yake imo hukumu. Yuko ndege wa usiku, wa rangi ya majani makavu, mwenye kinywa kipana mno, alalaye chini mchana kutwa na kuruka magharibi jua litwapo. Waafrika wengi wanajua jamaa zake, maana hupenda kukaa njiani usiku na macho yao huwaka mbele ya taa za gari. Tena yule wa Uingereza mwenyewe huja Afrika wakati wa baridi ya kwao. Jina lake la Kilatini maana yake ni mkama-mbuzi, kwa kuwa watu wa Italia ya kale walisadiki kwamba huingia zizini usiku na kuwanyonya mbuzi. Watu wa Hampshire nao walikuwa na shtaka lao: walisema ndege huyo akimpiga ndama, ndama hupatwa na ugonjwa wa mgongo na kufa.

Padre White alikwisha kumtazama sana ndege huyo. Alimwona jioni akizunguka mti wa mwaloni uliojaa mbawakawa, akiwakamata hewani, na mara kwa mara alimwona akinyosha mguu wake mfupi huku akiruka, akainamisha kichwa, kama apelekaye kitu kinywani. Siku moja yeye na jirani zake walikuwa wakinywa chai katika kibanda cha majani kilichojengwa kule mlimani, ndege huyo akaja akatua juu ya paa na kuanza kulia mlio wake wa kuvuma usiokatika. Nao wote wakastaajabu kuona kibanda kizima kinatetemeka kwa sauti ya kiumbe mdogo vile. Basi aliposikia habari za ndama hakuridhika nazo. Akazungumza na mtu aliyekuwa amechuna ngozi za ndama waliokufa kwa ugonjwa ule zaidi ya mara moja. Mtu yule akamwambia kwamba ugonjwa ulikuwa katika uti wa mgongo, nyama imevimba na kujaa usaha. White akafahamu kuwa kazi ile si ya ndege, bali ni ya nzi ambaye funza wake hukua chini ya ngozi ya ng'ombe. Akaandika wazi kwamba ndege huyu amesingiziwa mara mbili, Italia na Uingereza, wala hana hatia.

Katika jambo moja dogo leo twajua zaidi yake. Yeye alidhani nzi hutaga mayai mgongoni. Kumbe huyataga katika manywele ya miguu na tumbo, kisha funza hupenya ngozi na kusafiri ndani ya mwili kwa muda wa miezi hata wafike mgongoni, ndipo hutoboa tundu la kupumulia. Lakini mwenye kosa alikuwa amekwisha kumtaja. Ng'ombe wa mkulima asiye na mali nyingi ni akiba yake yote, na mkulima anayemwinda ndege hali nzi yumo zizini hapotezi ndama mmoja tu.

Sasa tuje kwa mbayuwayu.

Padre White alikuwa amekwisha kupata tarehe yao. Kwa kutazama miaka mingi alisema mbayuwayu wa kwanza huonekana Selborne tarehe 13 Aprili, au karibu na siku hiyo, na mwanzo wa Oktoba huondoka. Huondoka kwenda wapi? Swali hili lilikuwa la zamani mno. Aristoteli wa Uyunani, miaka zaidi ya 300 kabla ya Kristo, alisema kwamba baadhi yao huenda nchi za joto, lakini wengine wamepatikana wamejificha mashimoni bila manyoya. Mwaka wa 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Sweden, alichapisha kitabu kilichosema kuwa wavuvi wa kaskazini huwavua mbayuwayu katika nyavu zao, wameshikamana kinywa kwa kinywa na bawa kwa bawa chini ya maji. Na katika karne ya 17 Mwingereza Charles Morton alifundisha kwamba ndege wahamao huenda mwezini, mwendo wa siku 60. Tusicheke sana. Morton angalau alijua kuwa hawapo chini ya maji.

Barrington, rafiki yake White, alikuwa upande wa wale waliokataa safari. Mwaka wa 1772 aliandika hoja ndefu kukanusha kwamba ndege wadogo waweza kuvuka bahari kuu. Lakini ndugu yake White, yule John waliyechimba naye njia ya mlimani, alikuwa sasa kasisi wa askari wa Kiingereza huko Gibraltar, mahali bahari ilipo nyembamba kati ya Ulaya na Afrika. Naye akaandika kwamba amewaona mbayuwayu kwa maelfu wakivuka mlango ule wa bahari, wakati wa kuchipua wakienda kaskazini, na wakati wa kupukutika majani wakirudi kusini. Huo ulikuwa ushahidi wa macho, umetoka kwa mtu wa damu yake mwenyewe.

Basi mbona White hakuridhika? Hapa ndipo penye kufikiriwa. Alikuwa na sababu, na sababu zake zilitoka katika daftari ile ile. Aliona mara nyingi kwamba mwishoni mwa Oktoba, na hata mwezi wa Novemba, baada ya siku nyingi za baridi pasipo mbayuwayu hata mmoja, huja siku moja ya joto, na mara wanaonekana wachache, wengi wao wachanga. Tena wakati wa kuchipua hutokea mmoja au wawili, kisha baridi ikirudi hutoweka tena. Je, waende Afrika na kurudi kwa siku tatu? Akafikiri kwamba huenda walio wengi husafiri, lakini baadhi, hasa walioanguliwa mwisho, hujificha karibu na kulala. Je, popo halali? Na yule kipepeo wa manjano, na yule nyuki mwenye manyoya, si hulala muda wote wa baridi? Mtu aliyeishi katika msitu wa namna hiyo, aliyeona viumbe wengi wakifufuka kutoka mashimoni mwezi wa Machi, hakuwa mjinga kwa kudhani hivyo.

Wapo mbayuwayu wa aina nyingine, wafupi wa mkia, wenye kiuno cheupe, wanaojenga vikombe vya udongo chini ya mapaa ya nyumba. Mwezi wa Oktoba 1780 Padre White aliwaona wengi wao wamechelewa, wakishinda mchana kutwa mahali pa kujisetiri kati ya nyumba yake na Hanger, na kila jioni wakienda kulala katika vichaka vya ule ubavu mkali wa mlima. Kisha wakatoweka. Akasema moyoni, hapa ndipo mahali pao. Lakini hakwenda kuchimba wakati ule. Alingoja mwisho wa baridi, maana alifikiri uchunguzi utafaa zaidi wakati huo. Hata ilipofika tarehe 11 Aprili 1781, na hakuna hata mmoja aliyeonekana bado, aliajiri watu, akawapeleka mlimani wachunguze vichaka na mashimo ya mahali pale.

Watu wakafanya kazi kwa bidii. Hawakupata kitu. Na walipokuwa katika kazi hiyo, mbayuwayu mmoja wa aina ile ile waliyokuwa wakiitafuta, wa kwanza kuonekana mwaka ule, alikuja akiruka juu ya njia ya kijiji mbele ya macho ya watu kadha wa kadha, akaingia moja kwa moja katika kiota, akakaa kidogo, akatoka na kuruka juu ya mapaa. Hakuonekana mwingine hata tarehe 16, na siku hiyo walikuja wawili tu.

White aliandika jambo hilo kama lilivyotokea, bila kulitengeneza ili liunge mkono upande wowote. Twaweza kulisoma leo na kuona kwamba ndege alikuwa amemjibu, lakini jibu lenyewe lilikuwa nusu. Alionyesha kwamba amekuja. Hakuonyesha ametoka wapi. Tena angaliwezaje kuonyesha? Mkulima wa mwambao wetu, aliyewaona mbayuwayu wakiruka juu ya shamba lake wakati wa vuli, alikuwa na nusu ya pili mbele ya macho yake, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza, wala njia ya kupeleka habari hata Selborne. Wazungu wa siku zile walijua pwani za Afrika kidogo, na bara yake karibu si kabisa. Padre White alifariki mwezi wa Juni 1793, akazikwa karibu na kanisa lake, chini ya jiwe dogo lisilo na maneno ila herufi mbili za jina lake na tarehe.

Jibu lilianza kufika miaka 29 baadaye, nalo lilifika kwa namna ya ajabu. Mwaka wa 1822, karibu na kijiji cha Klütz katika Ujerumani ya kaskazini, korongo mweupe alipigwa bunduki. Na walipomtwaa walikuta shingoni mwake mmechomwa mkuki, urefu wake yapata sentimeta 80, umepita na kubaki. Mkuki ulikuwa wa Kiafrika, na mti wake pia wa Afrika. Mtu fulani wa bara letu, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alimrushia korongo akamtia jeraha, asimpate. Na korongo akaruka na mkuki wake kuvuka jangwa na bahari hata akafika katika kiota chake Ulaya. Ndege huyo alikaushwa, na yumo katika Chuo Kikuu cha Rostock hata leo. Wataalamu walikuwa wameshindana kwa karne nyingi kwa hoja na vitabu. Mwindaji huyu, bila kujua, alipeleka ushahidi wake ukiwa umefungwa shingoni mwa shahidi.

Lakini mikuki si njia ya kufanyia elimu. Mwaka wa 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwafunga ndege pete nyepesi za alumini miguuni, zenye namba na anwani, ili atakayempata ndege apate kuandika barua. Uingereza walianza kazi hiyo mwaka wa 1909. Tarehe 6 Mei 1911, katika mkoa wa Staffordshire, mbayuwayu mmoja aliyekuwa na kiota katika baraza ya nyumba alifungwa pete yenye namba B830 na mwenye nyumba hiyo, aliyeitwa John Masefield. Ndege akaachwa aende zake. Mwezi wa Desemba 1912 alipatikana katika shamba moja huko Natal, Afrika ya Kusini, na barua ikaandikwa. Umbali wake wapata maili 6,000. Hivyo swali lililodumu tangu siku za Aristoteli likajibiwa na mtu aliyekubali kununua stempu.

Tangu hapo pete nyingi zimerudi na habari. Leo twajua kwamba mbayuwayu wa Uingereza wengi huvuka Ufaransa na Hispania, wakapita Sahara, wakashuka hata Afrika ya Kusini, wakienda hata maili 200 kwa siku, na kula njiani huku wakiruka. Wale tuwaonao sisi Afrika ya Mashariki aghalabu wametoka Urusi na nchi nyingine za mashariki. Na wale wachanga waliochelewa, ambao White aliwaona Novemba, walikuwa wasafiri waliokawia tu, wakipita kutoka kaskazini zaidi, wala hawakutoka shimoni.

Ila wale wenye kiuno cheupe, wajengao vikombe vya udongo chini ya mapaa, wamebaki na siri yao kwa sehemu kubwa. Nao pia huja Afrika, hilo halina shaka. Lakini wakiwa huku huruka juu mno, pengine juu ya misitu mikubwa, mahali mtu asipoweza kuwaona vema; na ingawa huko Uingereza wamefungwa pete mamia ya maelfu, waliopatikana kusini ya Sahara wakiwa na pete hizo ni wa kuhesabika kwa vidole. Yule aliyeshuka katika njia ya Selborne tarehe 11 Aprili 1781, watu wakiwa bado wanachimbachimba mlimani, alikuwa wa kabila hilo.